Diorama ya mapigano ya Tanga 1914: plastiki 1/72, bati 28 mm au 54 mm?

MwanaChumbageni
Habarini wakuu. Naomba ushauri wa walionitangulia kabla sijatoa hela.

Nataka kutengeneza diorama, yaani mandhari ndogo ya mezani yenye vinyago vya askari, ya mapigano ya Waingereza na Wajerumani hapa Tanga, alasiri ya tarehe 4 Novemba 1914, pale reli ilipochimbiwa mtaro mashariki ya mji. Jeshi la Waingereza la Jenerali Aitken, watu kama 8,000 waliotoka India, limeshashuka Ras Kasone na linasukuma kupita kwenye minazi na mashamba ya mpira. Ng'ambo ya reli kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, ana watu elfu moja hivi, wengi wao askari wetu walioletwa kwa treni kutoka Moshi. Nimekulia mji huu, nimepita hapo mara nyingi mno. Sijawahi kuona mtu aliyepatengeneza.

Meza yangu ni sm 120 kwa 80. Plastiki ya 1/72 (kila kitu kimepunguzwa mara 72) ni rahisi, boksi moja lina watu zaidi ya arobaini. Bati la 28 mm (kimo cha mtu) ni ghali na linauzwa mtu mmoja mmoja au wachache. 54 mm ni wakubwa na wazuri, ila nitamudu wangapi? Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi?

Fundi_Makorora
Mkuu, usianze na watu. Anza na mnazi.

Mnazi mkubwa una mita 20. Kwa 1/72 unakuwa sm 28. Kwa 28 mm, tuseme 1/56, unafika sm 36. Kwa 54 mm, yaani 1/32, ni sm 62, na hapo utakuwa umejenga shamba la minazi lenye watu wamejificha ndani yake. Sasa geukia ardhi. Meza ya sm 120 kwa 1/72 ni mita 86, kwa 1/56 ni mita 67, kwa 1/32 ni mita 38 tu. Mtaro wa reli, ukingo wake wa pande mbili na miti kidogo vinahitaji nafasi. Mimi 54 mm ningeiondoa leo hii.

KaptenMvita
Naunga mkono 1/72. Vita ni wingi wa watu, na watu watano hawaonyeshi kikosi kilichovurugika. Mimi nilichukua Waingereza wa kampuni ya Airfix wa vita ya kwanza ya dunia nikawageuza kuwa Wahindi. Kilemba ni karatasi ya tishu: kata utepe wa milimita 3, uloweke kwenye gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, uzungushe kichwani kwa sindano mara nne au tano. Kikikauka kinakuwa kigumu kama plastiki yenyewe.

Ila nikuonye. Plastiki ile laini inakataa rangi. Kikosi changu cha kwanza nilikipaka bila kukiosha, na kwa mwezi mmoja bunduki zote zilikuwa zimebambuka, kila ukigusa inatoka ganda. Nililia. Siku hizi nawaosha kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, nawakausha usiku kucha, nawapaka gundi nyeupe nyepesi, ndipo rangi. Hazijabambuka tena.

BintiUsagara
Kapten, kilemba chako nimekipenda, lakini kwa mapigano haya nasimama na 28 mm. Sababu ni askari wenyewe.

Askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, alivaa kaki, tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye shuka ya kukinga shingo, na mbele nembo ya tai. Miguuni patisi, vile vitambaa vya kuzungushia miguu, za buluu iliyokoza. Kwa 1/72 tai ni nukta. Kwa 28 mm unaipaka kwa ncha ya brashi na inaonekana ni tai. Na uso! Kwa 28 mm unaweza kumpa kila mmoja uso wake. Hawa ni Wasukuma, Wanyamwezi, Wamanyema, Wasudani, si mtu mmoja aliyerudiwa mara arobaini. Kampuni ya Foundry ina askari hao kwenye mfululizo wake wa Afrika, hulazimiki kugeuza mtu.

Halafu kuna reli. Reli ya Usambara ilikuwa ya upana wa mita moja. Reli za treni za kuchezea zilizo kila mahali ni za mm 16.5. Mita moja kwa 1/60, ambayo wengine huihesabu ndiyo 28 mm, ni mm 16.7! Kwa hiyo reli ya kawaida ya dukani inakaa sawasawa na watu wa 28 mm bila kukata wala kuunga. Kwa 1/72 utahitaji karibu mm 14, uchonge mwenyewe.

KaptenMvita
Hilo la reli sikulifikiria. Nimekubali.

Mnazi_Leicester
Salaam kutoka Uingereza. Niwatetee wa 54 mm kidogo, maana ndiyo niliokua nao. Ni kipimo cha Britains, kampuni ya askari wa kuchezea, tangu 1893, walipoanza kumwaga askari wenye uwazi ndani. Ukikuta wa zamani sokoni, jua ni madini ya risasi, yenye sumu: usiwapige tupa ndani ya nyumba yenye watoto, na nawa mikono.

Kwa meza ya MwanaChumbageni 54 mm haitoshi, nakubali. Lakini kwa tukio moja dogo hakuna kama hiyo. Nilitengeneza tukio la nyuki waliowavamia wapiganaji hapo Tanga. Mti mmoja, mzinga wa gogo umetobolewa na risasi, Mwingereza mmoja na sepoy (askari wa Kihindi) mmoja chini yake. Nyuki sikuwaweka. Nilijaribu pilipili manga kwenye nyuzi za nailoni, ikaonekana uchafu. Nikaondoa zote, nikabaki na miili: mmoja kofia imemruka, viganja usoni, magoti yamekunjana, mwenzake anajivuta shati juu ya kichwa na bunduki imelala. Kila anayeitazama anasema "nyuki" kabla sijasema.

Na tafadhali, usiweke Mjerumani anayewafungulia Waingereza mizinga ya nyuki, kama wengine wanavyosimulia. Hakukuwa na mtego. Nyuki waliwavamia wa pande zote mbili, hata bunduki za rashasha za Wajerumani zilikatizwa nao.

MwanaChumbageni
Asanteni sana. Je, moshi? Na manowari ya Waingereza, Fox, niiweke wapi? Iliupiga mji mizinga.

BintiUsagara
Moshi uweke upande mmoja tu. Kampuni nyingi za askari zilikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871, ya baruti nyeusi, ikipigwa inatoa wingu. Bunduki za Waingereza hazikuwa hivyo. Vuta pamba iwe nyembamba hadi uone kidole chako ng'ambo, ipulizie kijivu kidogo sana, iweke mbele ya mstari wa askari kwa usawa wa kifua. Mtazamaji atajua mara moja nani yuko wapi, kama adui alivyojua.

Fundi_Makorora
Manowari ilikuwa na mita zaidi ya 100, kwa 28 mm ni karibu mita mbili. Iache. Ukiitaka sana, chukua ya 1/700, ni sm 15 hivi, uiweke mbali kwenye picha ya nyuma, ionekane kwenye upenyo wa minazi miwili. Mchanga wa ufukweni uoshe maji baridi mara tatu, uukaange kwenye sufuria kuukuu. Chumvi ikibaki inavuta unyevu, na hapa pwani gundi itaachia kabla mwaka haujaisha.

MwanaChumbageni
Basi nimeamua: 28 mm, watu thelathini, kipande cha mtaro na minazi tisa. Nitakachopunguza ni idadi ya watu, reli ibaki.

Limebaki moja linaloniuma. Babu mzaa mama yake mama yangu alikuwa mpagazi, na kila kampuni ilikuwa na wapagazi wengi, ndio waliobeba bunduki za rashasha na masanduku ya risasi. Kwenye maboksi ya vita ya kwanza niliyotazama sikumwona hata mmoja. Nataka awepo, tena mbele, si pembeni.

BintiUsagara
Anawezekana. Chukua askari anayekimbia, mkate bunduki, mtoe tarbushi kwa kisu na umsawazishe kichwa kwa puti. Shuka kiunoni fanya kwa tishu ya Kapten. Sanduku la risasi ni kijiti cha mraba, mm 8 kwa 5, mistari ya mbao uikwaruze kwa sindano. Mikono ipinde kwa waya hadi ishike sanduku juu ya bega, na shingo uiinamishe upande mwingine. Shingo ndiyo itakayoonyesha uzito, kwa hiyo usiiharakishe. Ukimaliza tuletee picha ya huyo kwanza, kabla ya wengine.