Mrejesho: darubini ya kompyuta sasa inalenga

Wakuu, niliuliza kwa nini darubini yangu, inayojielekeza yenyewe kwa mota na kompyuta, inakubali kulinganishwa na nyota mbili (naionyesha nyota mbili ili ijue inatazama wapi angani), halafu nikiiagiza iende kwenye sayari ya Mshtarii inasimama pembeni kabisa.

Kati ya mlionijibu, aliyetaja umeme ndiye aliyepatia. Betri ndogo za ndani zilikuwa zinaishiwa nguvu kila mota zikizunguka kwa kasi, na kompyuta inapoteza hesabu kimyakimya. Nimeunga betri ya nje ya volti 12, tatizo likapungua sana.

Kilichobaki kilikuwa nyota zenyewe za kulinganishia. Sasa natumia Sirius na Regulus, zimeachana vya kutosha. Naiweka nyota katikati kwa lenzi ya jicho ya milimita 25, kisha ya milimita 10 inayokuza zaidi, na hapo naizungusha fokasi makusudi mpaka nyota ivimbe kama sahani. Sahani unaiona iko katikati au la, nukta inakudanganya. Namalizia kwa vitufe vya juu na kulia tu, gia zisibaki na ulegevu. (Kijitabu cha darubini kimeuficha ushauri huu kurasa za mwisho, sijui kwa nini.)

Nebula ya Orion, lile wingu la gesi angani, sasa inaingia yenyewe kwenye lenzi. Mshtarii bado anakaa ukingoni kidogo, ila anaonekana.