Dengu: inayowahi kukomaa au yenye mizizi mirefu?

Jembe_Butu: Heshima kwenu wakuu. Nataka kupanda dengu eka mbili, sehemu kavu. Nimepata mbegu mbili: moja inawahi kukomaa, nyingine wanasema mizizi yake inazama sana. Nichukue ipi?

Mama Mbegu: Dengu zipi? Wengine wakisema dengu wanamaanisha choroko. Udongo wako una kina gani? Unapanda mvua zikiwepo au zikishakatika? "Kavu" haitoshi mkuu.

Jembe_Butu: Hizi zenye kimdomo kama cha kasuku. Napanda mvua zikiishia.

Tuwahi: Basi inayowahi, usijiulize mara mbili. Dengu huumia unyevu wa ardhini unapoisha wakati wa kujaza vitumba. Mbegu ya ICCV 2 ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya sehemu kavu, inapendwa kwa hilo: kiu ikifika, yenyewe imeshamaliza kazi.

Mzizi Mkuu: Msimu ukiwa mzuri utabaki unatazama wenzako wakivuna zaidi. Mizizi ndiyo mpango. Watafiti walichukua vinasaba vya ICC 4958, dengu ya mizizi mirefu, wakaviingiza kwenye JG 11, dengu ya wakulima wa India, unadhani walikosa kazi?

Mama Mbegu: Na chini kukiwa na mwamba, mizizi iende wapi? Ndiyo maana nimeuliza kina. Hajajibu.

Nilikoma: Mnabishana ukame, mimi niliuawa na mnyauko. Muuzaji mmoja aliniapia mbegu yake inastahimili kila kitu. Kufungua mfuko, nyeupe kubwa na kahawia ndogo zimechanganyika. Nikapanda hivyohivyo, ujinga wangu. Wiki ya nne miche ikaanza kulegea, majani bado kijani. Nikadhani kiu, nikabeba ndoo siku nne mgongo hauna hamu. Mwishowe nikang'oa mche mmoja, nikapasua shina kwa wembe: katikati kuna mstari wa kahawia iliyokolea toka mzizini. Fuzari. Fangasi huyo anakaa ardhini miaka hata usipopanda dengu. Pale sasa ni mtama tu. Uliza kwanza kama mbegu inahimili mnyauko.

Tuwahi: Nyeupe nayo ganda lake jembamba, inaoza ardhini upesi.

Mzizi Mkuu: Lakini sokoni nyeupe kubwa inapendwa.

Tuwahi: Nani ameuliza rangi?

Suruali Moja: Mkienda shambani na umande vaeni nguo mbovu. Majani yana asidi, yangu ililika magotini.

Jembe_Butu: Udongo ni mweusi, ukikauka unapasuka. Kina sijapima. Mnyauko sikuuliza.

Mama Mbegu: Chimba shimo kwanza.

Suruali Moja: Eti asidi hiyo inafukuza viwavi?

Nilikoma: Wangu walikula wakashiba.