Naomba ushauri: nitapimaje athari ya uratibu wa sera za ajira katika Umoja wa Ulaya?

Ndugu wanachama, heshima kwenu. Ninaandika tasnifu kuhusu uratibu wa sera za ajira katika Umoja wa Ulaya, na nimekwama kwenye sura ya mbinu za utafiti. Tangu Mkataba wa Amsterdam wa 1997, nchi wanachama hukubaliana miongozo ya pamoja, kila serikali hutoa taarifa ya utekelezaji, na Baraza la Umoja huo, yaani mawaziri wa nchi wanachama, laweza kuipa nchi mapendekezo, lakini hakuna adhabu kwa asiyeyafuata, kwa kuwa sera ya ajira imebaki mikononi mwa kila taifa.

Nilianza kwa kulinganisha viwango vya ajira na malengo yaliyowekwa. Lengo la 2010 lilikuwa asilimia 70 ya watu wa miaka 15 hadi 64, na la 2020 asilimia 75 ya wenye miaka 20 hadi 64, hivyo hayalinganishiki moja kwa moja, na msukosuko wa uchumi wa 2008 umevuruga picha zaidi. Kisha nikaoanisha mapendekezo na sheria zilizotungwa baadaye. Hapa ndipo ninaposumbuka hasa, maana serikali inaweza kupendekezewa jambo ambalo tayari ilikuwa imekusudia kulifanya.

Je, ni ushahidi wa aina gani utakaonisaidia kutofautisha mageuzi yaliyochochewa na mapendekezo na yale ambayo yangefanyika hata hivyo? Na je, mngenishauri nibaki na nchi mbili tu, nizichunguze kwa kina, badala ya kuzipitia zote kwa takwimu? Nitashukuru sana kwa mwongozo wenu.