Kuhesabu pumzi za mtoto usiku: sekunde 15 mara nne au dakika nzima?

mama_kisiwani
Habari zenu wapendwa, naomba msaada hasa nyie mnaofanya kazi za afya. Nipo huku Ukerewe, sio Nansio penyewe, kisiwa kidogo, kwenda Nansio ni mtumbwi wa injini na usiku ziwa likichafuka hakuna anayekubali kutoka. Mwanangu ana miezi 8, leo siku ya tatu anakohoa na mafua, joto lipo kidogo, kunyonya ananyonya vizuri. Nesi wa kliniki aliwahi kuniambia akipumua haraka, ikifika 50 kwa dakika, nisisubiri. Sasa nimehesabu kwa saa ya simu, sekunde 15 mara nne, nikapata 52 nikaishiwa nguvu kabisa, nikarudia nikapata 44, mara ya tatu 56 ila hapo alikuwa analia. Mama mkwe anasema ni vichomi, baba yake yupo kambi ya dagaa. Jirani ana kile kimashine cha kubana kidoleni, tukambana mtoto kikaandika 97 na 128, jirani anasema hiyo 128 ndo pumzi. Nishike lipi jamani, maana lazima niamue kabla giza halijaingia.

mhudumu_sengerema
Pole sana dada. Kwanza hiyo 128 sio pumzi, ni mapigo ya moyo, na 97 ni oksijeni kwenye damu. Halafu vile vya watu wazima kwenye kidole cha mtoto mdogo havikai sawa, usivitegemee. Pumzi unahesabu kwa macho yako tu.

Shida yako iko kwenye kuzidisha. Mara ya kwanza ndani ya sekunde 15 uliona pumzi 13 ukapata 52, mara ya pili uliona 11 ukapata 44, yani tofauti ni pumzi mbili tu ila ukishazidisha zinakuwa nane. Na watoto hawapumui kama saa ya ukutani, anaenda mbio kidogo, anatulia, anaenda tena, sasa robo dakika inaweza kuangukia pale anapokimbia au pale alipotulia. Hesabu dakika nzima.

Subiri anyamaze, asiwe analia wala ananyonya, akisinzia kifuani kwako ndo vizuri zaidi. Kama pua imeziba msafishe kwanza. Mpandishe nguo uone tumbo na kifua, tochi isimpige machoni. Kupanda na kushuka ni pumzi MOJA, kuna mama alinipigia simu usiku kasema 90, kumbe kupanda anahesabu moja na kushuka anahesabu nyingine. Umri nao unaamua, chini ya miezi 2 ni kuanzia 60, miezi 2 mpaka kabla ya mwaka ni kuanzia 50, mwaka mmoja mpaka kabla ya miaka 5 ni kuanzia 40. Kwa hiyo tuseme ukipata 46 leo, kwa wako haijafika, lakini akishatimiza mwaka hiyo hiyo 46 ni kupumua haraka.

mzee_wa_kirumba
Mbona hospitali nawaona wanahesabu nusu dakika mara mbili, au hata hawahesabu?

nesi_mstaafu
Mwanangu wa Kirumba umegusa kidonda. Kwa mtu mzima anayepumua kwa utulivu nusu dakika inakubalika, kwa mtoto hapana. Hiyo ya kutohesabu kabisa nimeiona kwa macho, wodi moja niliyopita chati za wagonjwa sita zote zimeandikwa 20, na mmoja wao alikuwa anahema mpaka mabega yanapanda. Iliniuma sana, kwa sababu pumzi mara nyingi ndo inabadilika mapema, presha bado nzuri.

Mama wa kisiwani, nisikilize binti yangu. Zaidi ya namba, tazama hapa chini ya mbavu. Akivuta hewa, kama sehemu ile inaingia ndani badala ya kutoka, huko ni kubonyea kifua. Ukiona hivyo, au kakataa kunyonya, anatapika kila kitu, kapata degedege, kalegea haamshiki, au anatoa mlio akivuta hewa huku katulia, usihesabu tena, tafuta chombo uondoke, hata kama ni kuamsha kijiji kizima. Na hili watu wengi hawalijui, mtoto aliyekuwa anapumua 65 akashuka 35 huku kalegea na macho mazito, hiyo sio nafuu, kachoka kupumua. Nafuu unaijua kwa mtoto kuchangamka na kunyonya.

Joto nalo linapandisha pumzi, ukimpa dawa ya homa hesabu tena ikishafanya kazi. Kama umeona dalili nilizotaja usingoje dawa.

mzee_wa_kirumba
Asante mama. Nimeuliza kwa sababu ya mzee wangu, ana sukari, mwaka jana alianza kuhema haraka tena pumzi ndefu za ndani, kifua safi hakohoi, tukasema ni uchovu wa Mwaloni maana bado anashinda kule na biashara ya samaki. Dada yangu akakaa naye sebuleni kama anaangalia TV akamhesabia bila kumwambia, 28. Tulipomfikisha hospitali sukari ilikuwa juu mno na damu imekuwa na asidi. Mapafu hayakuwa na tatizo lolote.

nesi_mstaafu
Dada yako alifanya vizuri kutomwambia, mtu akijua anahesabiwa anabadilisha pumzi bila kutaka. Sisi tunashika mkono kama tunapima mapigo huku jicho liko kifuani. Mtu mzima aliyepumzika ni 12 mpaka 20. Na kilichomtokea mzee ni kwamba mwili ukijaa asidi unajitahidi kuipunguza kwa kutoa hewa ya kaboni kwa wingi, ndo maana anahema kwa kasi na kwa kina. Malaria kali nayo inafanya hivyo, na upungufu mkubwa wa damu unapandisha pumzi pia. Kwa hiyo kupumua haraka sio kifua peke yake.

mama_kisiwani
Nimerudi. Jana jioni alivyolala nilihesabu dakika nzima mara mbili, 45 na 43, mbavu haziingii, nikabaki nyumbani ila sikulala. Saa kumi alfajiri nikaona tumbo linaenda mbio, nikahesabu 54, nikarudia 53, mwili hauna moto sana. Wavuvi wa dagaa walikuwa ndo wanarudi, nikamwomba mmoja, kijana wa watu kaacha dagaa zake kwa mwenzake katuvusha hadi Nansio. Daktari sikumwambia namba yangu mpaka amemaliza kuhesabu mwenyewe, kapata 52. Kasema nimonia ila haijawa kali, katupa amoksilini vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, na kaniambia siku ya kurudi amtazame tena. Sasa hivi ananyonya, nipo nae kwa shangazi hapa mjini, na mama mkwe kapiga simu anataka nimfundishe hiyo ya kupanda na kushuka kuwa moja.