Mtoto mwenye shinikizo la juu la damu, na kusema kwake kunakobadilika asubuhi na jioni

Mama wa Kadutu, Bukavu
Ninawasalimu wote. Mtoto wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 9, alipimwa kwenye kituo cha afya akaonekana ana shinikizo la damu la 122 kwa 80. Tangu siku hiyo ninamchunguza kwa kila jambo. Asubuhi, anapojiandaa kwenda shule, husema polepole na kukatiza maneno. Ukimuuliza daftari liko wapi, hukutazama kwanza, kisha ndipo ajibu. Jioni husimulia habari za mpira hadi dada zake wanamwomba anyamaze. Je, shinikizo ndilo linalomfunga ulimi asubuhi? Na je, ninaweza kumpa nusu ya kidonge cha bibi yake, ambaye naye anatibiwa shinikizo?

Muuguzi, Ibanda
Mama, kidonge cha bibi kibaki kwa bibi. Dawa ya mtoto hupangwa na daktari kwa kufuata uzito wake na chanzo cha ugonjwa.

Kipimo hicho hakimshtui mtu mzima, lakini kwa mtoto wa miaka 9 ni kikubwa, kwa sababu watoto hulinganishwa na wenzao wa umri, jinsia na kimo kilekile. Hata hivyo, kabla ya kusema kwamba ana ugonjwa, apimwe tena katika siku tatu tofauti, akiwa ameketi na kutulia kwa dakika kama tano, miguu ikiwa sakafuni, na akiwa kimya: kuongea wakati wa kupimwa hupandisha shinikizo. Mkanda wa kipimo unaofungwa mkononi nao una neno lake. Ukiwa mdogo kuliko mkono, kipimo huzidi. Ukiwa mkubwa, kipimo hupungua, kwa hiyo ikiwa walitumia ule wa watu wazima, huenda shinikizo lake halisi ni la juu zaidi.

Kuhusu saa za siku, kwa kawaida shinikizo la mtu hushuka usiku anapolala na kupanda anapoamka. Mpando huo wa kawaida haumfungi mtoto ulimi, na watoto wengi wenye shinikizo hawana dalili yoyote. Ningependa kujua zaidi jinsi anavyolala. Je, anakoroma?

Mwalimu wa shule ya msingi, Goma
Mwangalie pia Jumapili, anapoamka mwenyewe bila kuharakishwa. Baadhi ya wanafunzi wangu hawasemi chochote hadi wapate uji.

Mama wa Kadutu, Bukavu
Asante sana. Hata Jumapili ni vilevile. Anakoroma sana, hulala mdomo wazi, na mafindofindo humrudia mara kwa mara. Sikufikiri kwamba mambo hayo yanahusiana.

Muuguzi, Ibanda
Yanaweza kuhusiana. Mafindofindo yaliyovimba huziba njia ya hewa usingizini. Mtoto hushtuka mara nyingi bila kuamka kabisa, shinikizo lake huweza kupanda, na asubuhi huamka mchovu, mzito wa mawazo na wa maneno. Hapo shinikizo na uzito wa kusema huwa watoto wa mama mmoja. Mweleze daktari hayo yote, lakini asiishie kooni: apime mkojo, maana figo ni chanzo kikubwa cha shinikizo kwa watoto, na alinganishe shinikizo la mkono na la mguu ili kutambua mshipa mkuu uliobanwa tangu kuzaliwa. Nyumbani, punguzeni chumvi, na makayabu, yaani samaki wa chumvi, yasiwe chakula cha kila wiki.

Tofautisha hayo na dharura. Akianza ghafla kuchanganya maneno au kushindwa kusema, mdomo ukienda upande, au akipata degedege, kutoona vizuri, ama maumivu makali ya kichwa pamoja na kutapika, mpeleke hospitali saa ileile, hata kama ni usiku.

Kwa upimaji wa kawaida, uliza kabla ya kwenda kama wana mkanda wa kipimo wa watoto. Kama hawana, tafuta kituo kingine.