Windows 11 kuziacha kompyuta za zamani: maendeleo au uonevu?

Baba Zuhura: Wakuu, tangu Oktoba 14, 2025 Windows 10 haipewi tena masasisho ya usalama, ukiacha mwaka mmoja wa nyongeza kwa anayejisajili. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yangu ni kizazi cha sita, haijawahi kunisumbua. Hivi mfumo mpya lazima uwatose wa zamani?

Kizazi_Kipya: Lazima. Mwaka 2019 Apple walikata kwenye Mac programu zote za biti 32, zile za mtindo wa zamani. Watu walilalamika, kisha wakazoea. Microsoft mpaka leo wanabeba mizigo ya DOS, mfumo wao wa kabla ya Windows, jaribu kulipa folda jina "con" uone kama itakubali. Ila nyie wa kompyuta za mtumba mnataka dunia nzima iwasubiri.

Dada wa Msimbazi: Mtumba? Hiyo unayoandikia uliitoa kwenye boksi? Mimi ndiyo biashara yangu hapa Kariakoo, na wateja wangu wanakuja na tai shingoni.

Kizazi_Kipya: Sijakutaja dada. Lakini si nyie mnaopachika Windows 11 kwa kuruka ukaguzi wa TPM, halafu mteja anaambiwa "ipo poa"?

Dada wa Msimbazi: Mteja wangu anaambiwa kila kitu. Wewe Windows yako umelipia?

Mkaguzi: 😂😂 Hapo sasa.

Mfamasia: Programu yangu ya stoo ilitengenezwa enzi za Windows XP, aliyeitengeneza hapatikani hata kwa simu. Windows 10 inaifungua bila kinyongo na inatoa risiti. Tungefuata njia ya Apple ningekuwa narudi kwenye daftari.

Mtazamaji: Mnachanganya mambo mawili. Programu hiyo ya Mfamasia, kama ni ya biti 32, Windows 11 nayo itaifungua. Kilichoachwa ni mashine, siyo programu. Microsoft inatunza vya zamani kwenye programu na kuvikata kwenye vyuma.

Mkaguzi: Kizazi_Kipya hajajibu swali la kulipia.

Pengwini: Hamieni Linux, mfumo wa bure. Torvalds, aliyeuanzisha, ana sheria moja haina mjadala: kerneli (kiini cha mfumo) mpya isivunje programu iliyokuwa inafanya kazi. Na kompyuta ya Baba Zuhura itapaa.

Mfamasia: Mlisema hivyohivyo kwa shemeji yangu. Printa yake mpaka leo ni pambo la mezani.

Pengwini: Printa gani? Taja modeli.

Kizazi_Kipya: Nimelipia, ilikuja na mashine.

Dada wa Msimbazi: Mashine uliyoinunua wapi?

Kizazi_Kipya: Hayo siyo mada.

Baba Zuhura: Nimejaribu hiyo "con", imekataa kweli. Jamani, swali langu bado liko palepale. Na wewe dada, kizazi cha nane yenye ramu 8 unaachia bei gani?

Dada wa Msimbazi: Njoo inbox kaka. Hapa kuna watu wa maboksi.