Naomba ushauri: fashifashi za mkesha wa mwaka mpya mtaani kwetu

Habari zenu wakuu. Naishi Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na mama yangu mzee. Mabomu yaliyolipuka kambi ya jeshi Februari 2011 yalimkuta hapa hapa, na tangu siku ile kishindo chochote kinamvuruga. Mkesha uliopita vijana walilipua fashifashi uchochoroni mpaka usiku mkubwa. Mama akatoka nje peku, kanga moja, anatafuta pa kukimbilia. Cheche nyingine ziliangukia turubai la genge la jirani, bahati watu walikuwa macho.

Kila mwisho wa mwaka polisi hutangaza marufuku ya kulipua fataki bila kibali na kuchoma matairi barabarani. Lakini huku uchochoroni vijana wanatawanyika kabla hujamaliza kupiga 112. Muuzaji namjua, anaziuza dukani pamoja na pipi, tena kwa watoto! Kwangu mimi huyo ndiye wa kuanza naye.

Naombeni mnielekeze: nianzie kwa mjumbe wa shina, mwenyekiti wa serikali ya mtaa au polisi kata? Niandike barua? Na nifanyeje nisijenge uadui na majirani? Waliofanikiwa kuzizuia mitaani kwao walianzaje?